Kopo la Marisau

Mzee Renatus hakuumbwa kukaa. Waliomstaafisha walimpa mkono na cheti, wakamwambia mzee nenda kapumzike, na hapo ndipo walipochemsha. Mtu aliyezunguka mapori ya Biharamulo tangu ujana wake akifukuza majangili, utamwambia apumzike wapi? Kwenye kochi? Juma la kwanza alipaka rangi mlango wa nyuma. Juma la pili akaubandua mlango wenyewe, akaugeuza ufungukie nje. Siku mkewe Benedicta alipogonga paji la uso kwenye mlango huo, na sufuria la maharage mkononi, alisema basi, Baba Joyness, nakuomba, itafutie mikono yako kazi, ila isiwe nyumba yangu.

Kazi akaipata. Alikuwa na bastola yake ya zamani, yenye leseni, ile ya tumbo la kuzunguka lenye matundu sita. Hapo kijijini kwake Nyakahura hakuna wa kumpiga bastola, lakini nyoka wapo, tena wengi, na risasi ya kawaida haimpati nyoka labda nyoka mwenyewe akusaidie. Kwa hiyo Renatus akaanza kujitengenezea risasi za marisau, yaani badala ya kipande kimoja kizito, ndani unajaza vichembe vidogo kama mtama ambavyo vikitoka vinatawanyika. Maganda yaliyokwisha kupigwa aliyatunza. Fataki, zile za kitakoni mwa ganda zinazowasha baruti, na baruti yenyewe alizifuata mwenyewe Mwanza, kwenye duka la silaha, na karatasi zake zote kwapani. Akaweka meza kwenye baraza la nyuma, akavaa miwani, na kuanzia siku hiyo Benedicta alipata amani. Meza ile aliiita jiko la babu.

Na mzee hakuwa akibahatisha, tusimwonee. Maganda aliyapachika fataki mpya, akayasimamisha kwenye kibao chenye matundu. Baruti aliigawa kwanza kwenye vizibo vya soda, kila kizibo baruti ya ganda moja, vizibo sawa na maganda. Anamimina, anaweka kipande cha kadibodi, anajaza marisau, anafunika kwa kadibodi nyingine, anaziba kwa nta. Lakini kabla ya kadibodi ya kwanza huwa anamulika kila ganda kwa tochi, moja moja, midomo ikimchezacheza kama mtu anayesali. Maana baruti ya bastola ile ni kidogo mno, inalala chini kabisa. Unaweza kuimimina mara mbili, ukafunga vizuri, ukapiga na mluzi. Siku utakayoipiga risasi hiyo ndiyo utajua, tumbo la bastola likipasukia mkononi. Vidole utavisahau, na kama siku yako ni mbaya, utasahau na macho.

Sasa hapa lazima niseme habari ya ukwe, kwa sababu vijana wa siku hizi mnakaa na mama wakwe zenu sebuleni mnagombea rimoti ya tamthilia. Renatus si wa kizazi hicho. Kwao, na kwa wakweze kule Keza, mwanamume hamtazami mama mkwe usoni. Hali naye, hasemi naye, hataji jina lake. Wakikutana njiani mmoja anaingia majanini mpaka mwenzake apite. Na Renatus hakuishika heshima hiyo kwa kuogopa watu. Aliishika kwa sababu Bibi Generoza alimkubalia Benedicta wakati yeye Renatus hana hata baiskeli, ukoo mzima unacheka, na hakupata njia nyingine ya kumwambia mama yule asante. Miaka yote ya ndoa yake, sura ya mama mkwe haijui. Anajua visigino, khanga na kikohozi.

Basi, siku moja shemeji yake akapiga simu kutoka Keza. Huyu ni Wiston, mdogo wake Benedicta, mnunuzi wa kahawa, mtoto wa kiume pekee wa Bibi Generoza. Naye ana bastola ya aina ileile, kwa ajili ya safari zake. Akasema shemeji, kuna swila kwenye kichuguu nyuma ya banda la kuku, amemaliza mayai, amemtemea mbwa sumu machoni, na mama anapita hapo kila jioni. Nitengenezee kopo moja la zile zako. Nitamtuma mtu.

Mtu gani, hakusema.

Kesho yake asubuhi Renatus yuko mezani, amekwisha kumimina nusu ya maganda, nusu bado, tochi iko tayari. Mara akasikia upande wa mbele kikohozi anachokijua kuliko vyote duniani, na sauti inasema, "Hodi wenyewe!"

Jamani, mzee alivyoruka! Goti lilipiga meza, kibao kikayumba, yeye huyoo, kashika njia ya migombani. Akachuchumaa huko kwenye majani makavu. Kumbe Benedicta, kwa furaha ya kumwona mama yake, amemkalisha kwenye kiti kinachotazamana na mlango wa nyuma, na mlango uko wazi, na meza ya Renatus iko palepale mlangoni. Hawezi kurudi. Siafu wakampanda, akawa anajipiga makofi ya mapajani kimyakimya.

Ikapita saa nzima hivyo. Ndipo Benedicta akaja migombani, mikono kiunoni.

"Mama anataka kuondoka. Hiace haimsubiri mtu. Risasi za Wiston ziko wapi?"

"Sijamaliza. Mwambie ahamie upande wa pili."

"Ana miguu mibovu, kasafiri tangu alfajiri, leo nimhamehamishe kwa sababu ya mwanamume aliyejificha kwenye migomba? Nafunga mlango. Njoo umalize."

Akafunga. Renatus akarudi mezani ananyata, maana baina yake na mama mkwe kuna ubao tu. Akasikia kikohozi kinasogea. Akamimina harakaharaka vizibo vilivyobaki, na mwishoni akaona kimebaki kizibo kimoja kina baruti. Ala, kumbe kuna ganda nimeliruka. Akalitafuta kwa macho, akaona moja kwenye kona linalofanana na lililorukwa, akamimina. Tochi hakuishika. Akafunika, akajaza, akaziba. Ganda moja liligoma kidogo, marisau yakawa kama hayataki kuenea, akalisukuma kwa gumba mpaka likakubali. Akazipanga risasi zote kwenye kopo la maziwa ya unga, akalipitisha kwa Benedicta kwenye upenyo wa mlango, uso ameugeuzia ukutani.

Bibi Generoza akaondoka na kopo lake ndani ya kapu, chini ya viazi.

Siku iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, Renatus alikuwa anafagia baraza. Ufagio ukavuta kitu chini ya gunia la mahindi kikalia. Akainama. Ganda la risasi. Akaligeuza: fataki mpya ya kung'aa, ndani tupu.

Alisimama nalo mkononi, akijaribu kutokuelewa. Lakini alielewa. Goti lilipopiga meza, ganda hili lilianguka. Maganda yakapungua moja, vizibo vikabaki vilevile. Na ile baruti ya mwisho, iliyoonekana kama imezidi, haikuwa na pa kwenda isipokuwa juu ya baruti nyingine. Lile lililogoma. Alilisukuma kwa gumba hili hili. Akalitazama gumba lake, akatamani kulikata.

"Mungu wangu," akasema. "Nimemuua Wiston."

Akaita, "Mama Joyness!" Kimya. Benedicta alikuwa gulioni barabarani tangu saa nne. Akampigia simu, simu ikaita chumbani, imechomekwa kwenye chaji. Akatukana kidogo, si tusi la kuandika. Akampigia Wiston.

Simu ikaita mpaka akakata tamaa, ndipo ikapokewa. Kwanza kikaja kikohozi.

"Haloo?" ilisema sauti. "Wiston hayupo, kaenda kupima kahawa, simu kaiacha. Atarudi jioni. Nani wewe?"

Renatus alivua kofia. Naapa, alivua kofia, peke yake barazani, kwa heshima ya simu.

"Haloo? Mbona unapumua tu? Nani?"

Akakata.

Kwa nini alikata? Hata yeye hakujua. Kidole kilikata chenyewe, kama miguu ilivyokimbia yenyewe jana yake. Alibaki amesimama na kofia mkono mmoja na simu mkono mwingine, na ndipo akili ikamrudia, ikaja na hasira. Mjinga wee! Sema neno moja tu, sema risasi mbaya, basi! Akajipiga paji la uso kwa simu yenyewe. Akapiga tena, amefumba macho, amejiapiza kwamba safari hii atasema hata kama ulimi utaanguka. Namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Akapiga tena. Haipatikani. Chaji ya Wiston ilikuwa imekwisha, na kule kwao umeme ni wa kuomba.

Jioni. Kasema atarudi jioni. Na nyoka anatoka jioni.

Kituo cha bodaboda kilikuwa na Jean Paul peke yake, amelala juu ya tangi. Huyu wazazi wake walitoka Burundi, yeye kazaliwa huku huku, na sifa yake ni mwendo na maneno.

"Keza," Renatus alisema, tayari kapanda. "Twende."

"Keza ya Ngara? Mzee shikamoo kwanza. Mbali huko. Kuna msiba?"

"Marahaba. Usitaje msiba. Washa."

Jean Paul akawasha. Wakashika lami. Malori ya kwenda Rusumo yalikuwa yamejipanga kwenye mlima, moja nyuma ya jingine, yanapanda kama yana mimba. Kila lori lililowazuia lilimtoa Renatus roho. Alikuwa anachungulia kushoto, anachungulia kulia, pikipiki inayumba.

"Pita!"

"Kuna basi mbele, mzee."

"Nimekwambia pita!"

"Mzee, kama unataka kuendesha, sema, mimi nikae nyuma nikulalamikie." Baadaye kidogo akauliza, "Nani anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa. Bado."

Jean Paul aligeuka kumtazama, kisha akaona bora atazame barabara. Renatus hakuwa na mahali pa kuiweka mikono. Mara anashika chuma cha nyuma, mara bega la dereva, mara anatoa simu anapiga: haipatikani. Akili yake ilikuwa kule Keza, inamwona Wiston anarudi, anakunywa chai, anachukua bastola. Wiston mwenyewe mtu wa mzaha, aliyekuja kwao Nyakahura mtoto akaugua surua, akabebwa na Renatus mgongoni mpaka hospitali. Atamwambia nini Benedicta? Ndugu yako wa pekee nimempasua kwa sababu mama yako alikohoa? Na yule mama, aliyempa binti bila kumdai chochote, malipo yake ndiyo haya, kipofu nyumbani, au kaburi. Machozi yakamtoka. Aliusingizia upepo.

Walipoacha lami jua lilikuwa limeanza kulegea. Njia ya vumbi ikawapeleka kwenye mashamba ya kahawa na migomba, mpaka kwenye kijito, na daraja la kijito ni magogo mawili, na gogo moja mvua ilikuwa imelichukua.

"Hapa na mzigo sivuki," alisema Jean Paul. "Shuka kwanza, nivuke mwenye—"

Mzigo ulikuwa umekwisha kushuka, umevuka, unapanda kilima mbio, koti linapepea. Jean Paul alimwita amdai nauli yake, akaitikiwa na vumbi.

Ni kilima kidogo, lakini kwa mzee aliyekaa baraza miezi, kilikuwa kirefu. Alifika kwenye ua wa minyaa wa wakweze kifua kinawaka, akaingia kwa lango kubwa bila hodi. Na katikati ya uwanja, uso kwa uso, hakuna mgomba wala mlango, alikuwa amesimama Bibi Generoza.

Renatus akageuka akautazama ua.

Ndiyo. Baada ya yote hayo. Shingo iligeuka yenyewe, kabla hajafikiri, na akabaki anaitazama minyaa kama mtu aliyekuja kuinunua. Nyuma yake akasubiri asikie visigino vikikimbilia ndani, kama ilivyokuwa siku zote. Lakini visigino vilikuja kwake. Halafu akasikia sauti ambayo hajawahi kuisikia kwa mtu yeyote.

"Amekufa! Benedicta amekufa! Nilijua! Nilijua ni wewe kwenye simu! Nani mwingine ananipigia ananyamaza? Nikasema mkwe kashindwa kusema, mwanangu kafa! Nimelia mchana kutwa, na sasa umekuja mwenyewe, na kunitazama huwezi! Lini? Amekufa lini?"

Alikuwa amemkamata koti kwa nyuma, anamtikisa. Mama mkwe kamshika mkwewe! Renatus alihisi ardhi inazama. Na kadiri alivyozidi kuugeuzia ua uso, ndivyo bibi alivyozidi kuamini, akaanza kile kilio chenyewe sasa, cha kuita majirani.

"Hajafa!" alipiga kelele, kuelekea kwenye minyaa. "Mama, hajafa! Mzima, yuko gulioni!"

Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa mama yule tangu amwoe mwanawe. Kilio kikakatika.

"Hajafa?"

"Hajafa. Risasi ndiyo mbaya. Moja kwenye lile kopo, mimi nimeikosea, itampasukia Wiston. Yuko wapi?"

"Wiston?" Mkono ukaliachia koti. "Wiston kaingia sasa hivi. Kuku wamepiga kelele, kachukua bastola, yuko nyuma... Kimbia! Kimbia, baba!"

Alikimbia. Alizunguka jiko, akaruka mtaro wa maji, akaliona banda la kuku na kichuguu chake, na Wiston kasimama kwa ile raha yake ya siku zote, mkono umenyooka, bastola imeelekezwa chini. Mbele yake swila alikuwa amesimama nusu mwili, shingo ameitanua.

"Shemeji! Usipige!"

"Karibu shemeji," alisema Wiston bila kugeuka, taratibu, kama mtu asiyetaka kuamsha mtoto. "Tulia hapo hapo. Nimempata."

"Usipige, nimesema!"

"Tulia, utamkimbiza."

Kidole chake kilikuwa kimekwisha kuingia kwenye kifyatulio. Renatus alikiona. Alijitupa, akaukamata mkono ule kwa mikono yake yote miwili, akaunyanyua juu, akamsukuma Wiston kwa bega mpaka wote wawili wakayumba. Akaminya kidole cha shemeji yake kitoke, akaipokonya bastola. Ndipo akakumbuka kwamba kuna nyoka. Akageuka kuangalia alipo.

Swila hakuwa na haja ya kusogea. Alitema tu.

Renatus aliona kitu chembamba cheupe kinakuja, halafu hakuona tena. Moto uliingia macho yote mawili. Akaanguka magoti, bastola ameikumbatia tumboni asije akaiangusha, anapiga kelele, mzee mzima, bila aibu hata kidogo.

"Wewe una wazimu?" Wiston alikuwa anafoka. "Ningemuua! Nilikuwa nimeshampata! Ona sasa kaingia kichuguuni, na wewe... Shemeji? Shemeji, amekupata machoni?"

"Usiyaguse!" ilikuwa sauti ya Bibi Generoza, inakuja inachechemea. "Renatus, usisugue! Wiston, maji! Ndoo zote! Lete na kata!"

Jina lake. Kamwita kwa jina. Renatus alisikia mtu anakaa chini kwa shida, magoti yanalia, kisha mikono migumu ya jembe ikamshika masikio, ikavuta kichwa chake na kukilaza kwenye paja. Akajaribu kuinuka.

"Mama, siwezi."

"Huwezi nini?"

"Siwezi kulala hapa. Ni aibu. Mwache Wiston anioshe."

"Wiston hajui hata kuosha kikombe. Tulia." Maji ya baridi yakamwagika usoni, mengi, yakaingia puani na mdomoni. Vidole vyake vikamfungua kope za jicho la kulia kwa nguvu, maji yakapita humo, halafu la kushoto. "Tena. Lete nyingine. Wiston, ukimaliza hapo katafute pikipiki, aende zahanati."

"Ipo, naisikia inapanda, nadhani ndiyo iliyomleta," alisema Wiston. Sauti yake ilikuwa imepoa. "Shemeji, sasa niambie. Kwa nini?"

Renatus akamwambia, katikati ya maji, maneno yanakatikakatika: ganda lililoanguka, kizibo kilichozidi, tochi ambayo hakuishika. Akampa bastola, akamwambia afungue tumbo lake polepole, atoe zote. Alete sahani na kisu chembamba. Aanze na ile iliyokuwa zamu yake kupigwa. Abandue nta, amwage marisau, atoe kadibodi, baruti aimwage pembeni aione.

Alisikia kisu kikikwaruza. Alisikia marisau yanaanguka kwenye sahani ya bati.

"Ni nyingi," alisema Wiston.

"Huwezi kujua mpaka ulinganishe. Fungua nyingine."

Kisu tena, na marisau tena. Safari hii Wiston aliposema hakuwa na mzaha hata chembe.

"Hii ya kwanza ni mara mbili, shemeji. Hii hii niliyokuwa naipiga. Mara mbili kabisa."

Mkono wa Bibi Generoza ulisimama. Renatus aliusikia umesimama, kwa sababu maji yalikoma, na kata ilikuwa hapo juu yake inadondosha tone moja moja kwenye shingo. Moto wa machoni ulikuwa afadhali kuliko kungoja vile. Alijua sasa bibi anaelewa. Aliyelazwa pajani kwake ndiye aliyeitengeneza, na mwanawe wa kiume wa pekee alibakisha kukunja kidole tu.

"Ulijua saa ngapi?" aliuliza bibi.

"Leo mchana."

"Ulipopiga simu ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na mimi nikapokea. Nikakuuliza nani wewe."

"Ndiyo, mama."

"Sasa hukusema kwa nini?"

Angeweza kusema mtandao. Angeweza kusema chaji. "Nilishindwa," alisema. "Ni wewe uliyepokea. Nilikuheshimu mpaka nikataka kukuulia mtoto. Nisamehe."

Renatus alimsikia Bibi Generoza anahema, pumzi ndefu za mtu aliyebeba mzigo na hajui autue wapi. Halafu kata ikainama, maji yakaja, na safari hii hayakuja taratibu. Yalimwagwa kwa hasira, kata baada ya kata, mpaka shati lote likalowa, na katikati ya hasira hiyo kile kiganja kingine, kilichokuwa kimeshika paji lake la uso, hakikutoka.

"Fumbua macho," alisema.

Renatus akayafumba zaidi.

"Yanauma?"

"Yanauma, lakini si hilo. Nikifumbua nitakuona."

"Ndiyo unione! Unafikiri mimi ni jua? Mwanangu ningemzika leo kwa sababu hutaki kuniona. Fumbua, nijue kama umepofuka, nijue namwambia nini Benedicta."

Akafumbua. Mwanga ulikuwa kama kisu, kila kitu kilikuwa cha rangi ya maziwa. Alitaka kufumba, kile kiganja kikamzuia. Taratibu ile rangi ya maziwa ikapata ukingo, ukingo ukawa khanga, na ndani ya khanga kukawa na uso. Mdogo kuliko alivyodhani. Mwembamba, wenye kovu kwenye nyusi, na macho yaliyovimba kwa kulia mchana kutwa. Ulikuwa uso wa Benedicta kabisa, ukiwa umezeeka.

"Unaniona?"

"Nakuona."

"Haya. Umeniona, na hujafa, na mimi sijafa. Sasa sema kitu."

Alitafuta la kusema. Alikuwa na mengi, ya miaka na miaka, ya baiskeli ambayo hakuwa nayo na ukoo uliocheka.

"Shikamoo, mama," alisema.

Bibi Generoza alifungua mdomo aitikie, akashindwa. Akamlilia palepale usoni, na hakujifunika.